Barua ya wazi kwa idara za uhandisi wa mawasiliano: tegeni sikio hewani

Waheshimiwa wakuu wa idara,

Nawaandikia ninyi mnaofundisha elektroniki na mawasiliano katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Nairobi, Kampala, Kigali na kwingineko katika ukanda wetu. Nawaandikia pia mafundi sanifu wa maabara zenu, maana nina hakika kazi yenyewe itawaangukia wao. Ombi langu ni hili: wekeni kipokezi cha redio cha masafa mafupi, kiunganisheni na intaneti, kisha kiacheni wazi ili mtu yeyote mwenye simu au kompyuta atafute stesheni apendavyo. Ombi ni fupi, ila sababu zake zinahitaji nafasi.

Kabla hamjanijibu, jaribuni cha wenzenu. Chuo Kikuu cha Twente, katika mji wa Enschede nchini Uholanzi, kina kipokezi ambacho mtu hukitumia kupitia kivinjari chake tu, bila kusajiliwa wala kulipa. Mbele yako unaona masafa yote tangu karibu sifuri hadi megahezi 29, yakishuka kwenye skrini kama maporomoko ya rangi. Kila mstari ni mtambo mmoja unaorusha mawimbi mahali fulani duniani. Unagusa mstari, unasikia. Mamia ya watu huwa humo kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye stesheni yake, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Redio ya mezani haiwezi hilo, kwa sababu kitufe chake cha kutafutia stesheni ni kimoja. Hapa antena inaleta kila kitu kwa pamoja, mawimbi yanageuzwa kuwa tarakimu, na kazi ya kuchagua stesheni inabaki kuwa hesabu tupu ambayo kompyuta inaweza kuirudia kwa ajili ya kila msikilizaji.

Aliyeanzisha jambo hili ni Pieter-Tjerk de Boer, mwalimu wa chuo hicho na mwendeshaji wa redio ya ridhaa. Wazo lilimjia mwaka 2007 kutokana na darubini ya redio ya Dwingeloo, sahani yenye kipenyo cha mita 25. Waendeshaji wa redio ya ridhaa walitaka kuitumia kusikiliza mawimbi yanayorushwa kutoka duniani, yakagonga mwezi na kurudi yakiwa yamedhoofika kupita kiasi. Sahani ilikuwa moja na wenye hamu ya kusikia walikuwa wengi. Ndipo akaandika programu ya kuwagawia wote. Naomba mlione hilo: mradi ulitokana na chombo ambacho chuo au klabu inacho na watu wengine hawana. Ninyi nanyi mna chombo cha namna hiyo, ambacho fedha za Ulaya haziwezi kukinunua. Mna mahali mlipo.

Mimi naishi Tanga. Kwa miaka mingi wapenzi wa redio wa Ulaya wameifahamu redio ya Zanzibar kwa kilohezi 11,735, masafa ya mtambo wa Dole, na wengi wao taarabu waliijua kwa njia hiyo, jioni za kwao, katikati ya mikwaruzo. Nikitaka kuona kwenye skrini jinsi mawimbi ya Dole yanavyopanda na kushuka jua linapozama, inanibidi nipite Enschede. Bahari inayonitenga na Unguja naijua kwa macho, lakini habari zake za hewani nazipata Uholanzi. Tazameni ramani yoyote ya vipokezi vya umma: Ulaya vitone vinapandana hadi havihesabiki, na Afrika ni vichache vilivyotawanyika.

Mtaniambia kwamba redio nyingi siku hizi zina mkondo wake wa intaneti. Ni kweli, na kama shida ingekuwa kusikiliza taarifa ya habari nisingewasumbua. Mkondo wa stesheni hukupa kile ambacho mwenye stesheni ameamua kukutumia. Kipokezi kinakupa hali ya anga yenyewe: nani anasikika leo na hakusikika jana, mawimbi yamefifia saa ngapi, kelele imetoka wapi. Hiyo ndiyo elimu, na ndiyo ambayo hatuna.

Anga letu si la Enschede. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita Ethiopia, na sisi tuko kusini yake kidogo, katika ukanda ambao ayonosfia huvimba mchana na kuvurugika baada ya magharibi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Hapo ndipo mawimbi ya setilaiti za GPS yanapotetereka saa za usiku wa mapema, na masafa mafupi yanapofanya vioja ambavyo vitabu vya kiada vilivyoandikwa Ulaya huvitaja kwa aya moja. Chukueni pia milipuko ya jua. Mlipuko mkubwa ukitokea mchana, tabaka la chini la ayonosfia hunyonya mawimbi na masafa mafupi hunyamaza ndani ya dakika chache. Na unyonyaji huo ni mkali zaidi pale jua lilipo utosini. Utosini hapo, mara nyingi ni kwetu. Dhoruba ya sumaku ya Mei 10 na 11, 2024, ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 2003, na vipokezi vya Ulaya na Amerika viliifuatilia saa kwa saa. Mwanafunzi wenu anayetaka kuandika tasnifu juu ya dhoruba hiyo ilivyoonekana Dodoma, atachukua wapi data?

(Siku moja tu baadaye, Mei 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti yetu ikawa ya kusuasua. Mambo hayo mawili hayahusiani. Nayataja pamoja kwa sababu wiki hiyo ingekuwa somo zuri la mawasiliano: jua lilivuruga njia ya angani, kisha ya baharini ikakatika, na darasani tuliendelea na michoro ya ubaoni.)

Kuna jambo jingine la karibu zaidi. Tangu mwaka 2009, kilohezi 7,100 hadi 7,200 katika kanda yetu ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zimetengwa kwa ajili ya redio ya ridhaa. Lakini kwa miaka mingi redio ya Eritrea imesikika humo humo, kwenye 7,140 na 7,180, na juu yake ikamwagwa kelele nzito ya kuiziba kutoka upande wa Ethiopia. Ugomvi huo uko jirani kabisa na Kenya. Wanaouandikia ripoti, tarehe kwa tarehe, ni watu wa kujitolea wa mfumo wa ufuatiliaji wa shirikisho la kimataifa la redio ya ridhaa, na wengi wao wako Ulaya. Vipokezi vitatu vyenye saa ya GPS, tuseme Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, vinaweza kulinganisha wimbi moja limefika kwa nani kwanza. Wimbi husafiri kama mita 300 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, hivyo tofauti ya muda ndiyo inayoonyesha lilikotoka. Hutaipata nyumba wala mnara, kwa sababu wimbi linaruka angani na kurudi, ila eneo utalijua vizuri. Mamlaka za mawasiliano za nchi zetu zingefaidika na kazi hiyo, nazo zisingelipa chochote.

Sasa niseme vifaa. Msianze na zabuni ya vifaa vya mamilioni. Kipo kibao kidogo cha elektroniki kiitwacho KiwiSDR, kilichobuniwa na John Seamons wa New Zealand na kuingia sokoni kwa michango ya umma mwaka 2016. Kinapandikizwa juu ya kompyuta ndogo ya BeagleBone, kinapokea kuanzia kilohezi 10 hadi megahezi 30, kina kipokezi chake cha GPS, na programu ya kuwahudumia wasikilizaji inakuja ndani yake. Kinachukua watu wanne au wanane kwa pamoja, kulingana na mlivyokipanga. Kwa chini ya dola 500 za Marekani mnakipata, bila kuhesabu ushuru, ambao mnaujua kuliko mimi. Wapo watakaowashauri mnunue vile vifaa vya USB vyenye umbo la flashi, vilivyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambavyo mwaka 2012 wadukuzi wema waligundua kuwa vinaweza kutoa tarakimu ghafi za mawimbi. Ni rahisi mno, na kwa programu huria ya OpenWebRX vinawekwa mtandaoni kwa siku moja. Nunueni kumi kwa ajili ya wanafunzi. Lakini msivifanye sikio la chuo kwa masafa mafupi. Vinapima kwa biti 8, na Kiwi inapima kwa biti 14. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti kubwa na ndogo inayoweza kupimwa kwa pamoja. Mjini, penye mitambo mikubwa ya redio jirani, kifaa cha biti 8 ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya ngoma ya harusi.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye antena, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi ya namna hii huharibikia. Mtashawishika kuiweka juu ya paa la jengo la uhandisi, kwa kuwa ni refu na wageni wataiona. Msifanye hivyo. Jengo hilo limejaa lifti, taa za LED za bei nafuu, UPS, na chaja za kompyuta mpakato mia mbili, na vyote hivyo vinarusha kelele kwenye masafa mafupi usiku na mchana. Sola nayo, tunayoisifu kwa haki kabisa, ina kontrola na inveta zinazokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mlio wake unasikika mbali. Kimo si kitu kwenye masafa haya ukilinganisha na utulivu. Chukueni redio ndogo ya betri, itegeni mahali pasipo na stesheni, mtembee nayo chuo kizima mkisikiliza mkwaruzo unapopungua. Mtaishia kwenye kona fulani ya shamba, nyuma ya mabanda, ambako hakuna anayepita. Hapo ndipo pake. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kina mashamba kabisa; wahandisi wasione haya kuomba ekari moja kwa watu wa kilimo.

Kutoka hapo vuteni kebo iliyofukiwa, na kila mwisho wake ipitisheni mara kadhaa ndani ya duara la feraiti ili kelele za jengo zisipande kwa nje ya kebo kuifuata antena. Kipokezi chenyewe kipeni pawasaplai ya transfoma, ile nzito ya zamani, badala ya chaja nyepesi. Mafundi wenu watacheka, maana wamezitupa nyingi stoo wakidhani zimepitwa na wakati.

Radi msiichukulie kimzaha. Maeneo ya Ziwa Victoria na mashariki mwa Congo ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na waya mrefu uwanjani ni mwaliko. Kinga ya radi iwe pale kebo inapoingia ndani, erthi yake iwe fupi na nene, na yote ifungwe kwenye nondo moja na erthi ya jengo. Vikuza mawimbi vya kwenye antena vinunuliwe viwili, kwa sababu kimoja kitaungua tu.

Kuhusu intaneti, hapo ndipo mnapotuzidi sisi watu wa mitaani. Mimi nikiweka kipokezi nyumbani, kampuni inayonipa huduma inanificha nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi, na mtu wa nje hawezi kunifikia bila kupitia kwa mpatanishi. Ninyi mko kwenye mitandao ya elimu na utafiti: KENET kwa Kenya, TERNET kwa Tanzania, RENU kwa Uganda. Anwani za umma zipo na nyuzi za fiba zimefika. Kipokezi hakili kifurushi kikubwa, ni sauti na picha ya maporomoko tu. Kitengeeni mtandao wake pembeni, kisigusane na mfumo wa matokeo ya mitihani, ili mkuu wa TEHAMA apate usingizi.

Najua kuna atakayeuliza, kwenye kikao, kama jambo hili ni halali. Swali ni la haki, na msilikwepe. Kifungu cha 17 cha Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano kinazitaka nchi zizuie kunasa bila idhini mawasiliano ambayo hayakukusudiwa umma, na kuyatangaza. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, watu wa kawaida walisikia mazungumzo ya wanajeshi wa Urusi kupitia vipokezi vya umma vya mtandaoni, kwa kuwa wenyewe walizungumza bila kuyaficha. Ofisa usalama akilikumbuka hilo ana sababu ya kukunja uso. Jibu langu ni kwamba mjipange kabla ya kuulizwa. Andikieni mamlaka inayosimamia mawasiliano, iwe TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, UCC au RURA, kila mtu kwake. Elezeni kwamba kifaa kinapokea tu na hakirushi. Orodhesheni bendi mtakazofungua: za matangazo, za redio ya ridhaa, za ishara za saa na za ramani za hali ya hewa. Bendi nyingine fungeni kwenye programu, inawezekana. Kisha subirini jibu la maandishi na mlitundike ukutani karibu na kipokezi. Barua yenye mhuri itawalinda kuliko hoja nzuri.

Limebaki la watu, nalo ndilo linalonitia shaka kuliko radi. Tunavijua vifo vya miradi yetu. Mgeni rasmi anakata utepe, picha zinapigwa, mhadhiri mwenye mradi anakwenda masomoni ng'ambo na nywila kichwani mwake, umeme wa LUKU unaisha wikiendi ya Pasaka na hakuna anayejua kifaa kimezimika hadi Juni. Msifanye uzinduzi. Kikabidhini kwa klabu ya wanafunzi yenye fundi sanifu mmoja wa kudumu kama mlezi, nywila ikae kwenye bahasha ofisini, na wapeni wanafunzi sababu ya kukitazama kila siku. Sababu hiyo ipo tayari: WSPR, mfumo uliobuniwa mwaka 2008 na Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1993, ambapo mitambo yenye nguvu ndogo kuliko ya balbu ya tochi hurusha ujumbe mfupi kila baada ya dakika mbili na vipokezi duniani kote huripoti vyenyewe vilichosikia. Kiwi ina uwezo huo ndani yake. Ikiachwa ifanye kazi mwaka mzima, mtakuwa na kumbukumbu ya anga la Afrika Mashariki iliyokusanywa na wanafunzi wa Afrika Mashariki, na wasimamizi wa tasnifu watakosa kisingizio.

Tena tusijifanye kwamba ukanda huu haujawahi kushiriki. Upo mtandao wa vituo 18 vya ishara duniani, vinavyopokezana kwenye kilohezi 14,100, kila kimoja kikipewa sekunde kumi, na mzunguko unakamilika kwa dakika tatu. Kimoja kati ya hivyo 18 ni cha Kenya, 5Z4B, chini ya chama cha waendeshaji wa redio ya ridhaa wa nchi hiyo. Kila kituo kinataja jina lake kwa alama za Morse kwa nguvu ya wati 100, kisha kinatoa milio minne mirefu: wati 100, 10, 1, na mwisho sehemu moja ya kumi ya wati.

Basi huo ndio uwe mtihani wenu wa kwanza. Siku mtakayowasha, kaeni 14,100 jioni kwa mizunguko kadhaa. Mumsikie ZS6DN wa Afrika Kusini, 4S7B wa Sri Lanka, 4X6TU wa Tel Aviv, na 5Z4B wa Nairobi akiwa hewani na mkiwa mbali naye vya kutosha. Mkiusikia mlio wa tatu, wa wati moja, kutoka nchi yoyote kati ya hizo, antena yenu iko mahali pake. Tangazeni anwani na sisi wengine tutaingia usiku huo huo. Mkisikia mlio wa kwanza tu, rudini shambani na ile redio ya betri, na mwanzie kwenye kontrola ya sola.

Wenu,
Mpenzi wa redio, Tanga